Kumrithi Roxie Hart

Tarehe 14 Novemba 1996, igizo la muziki liitwalo Chicago lilirudishwa jukwaani Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho jijini New York. Mpaka leo linaonyeshwa. Limeshahama ukumbi mara mbili, tangu 2003 limetulia katika ukumbi wa Ambassador, na limevuka maonyesho 10,000. Waigizaji wa usiku ule wa kwanza waliondoka zamani. Waliowarithi nao waliondoka, na warithi wa warithi vilevile. Nafasi ya Roxie Hart, mhusika mkuu, imeshikwa na Melanie Griffith wa sinema, na Brooke Shields, na mwimbaji Brandy, na mwaka 2022, kwa wiki nane, na Pamela Anderson aliyejulikana zaidi kwa televisheni. Mwanamuziki Usher alicheza wakili Billy Flynn mwaka 2006. Mtangazaji Wendy Williams alicheza mkuu wa gereza mwaka 2013.

Wapenzi wengi wa sanaa za jukwaani hukunja uso wakisikia majina hayo. Wanasema sanaa imeuzwa, kwamba mtu ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu anapewa nafasi iliyostahili mwigizaji aliyesota darasani miaka kumi. Naielewa hasira hiyo, lakini nadhani inaelekezwa pasipostahili. Cha kuuliza kwanza ni kama nafasi aliyopewa staa inaweza kumbeba, na kama wenzake waliomzunguka wanatosha kulibeba igizo siku ambayo yeye hatoshi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoamua. Igizo la Broadway huonyeshwa mara nane kwa wiki. Kodi ya ukumbi, mishahara ya waigizaji, wanamuziki na mafundi, matangazo, yote hulipwa kila wiki, ukumbi ujae au ubaki nusu. Ambassador una viti takribani 1,100, na kiti kisichouzwa leo usiku hakiuzwi tena. Mwaka wa kwanza igizo hujazwa na sifa za magazeti na tuzo. Chicago ilipata tuzo sita za Tony, zile kuu za Broadway, mwaka 1997. Mwaka wa saba wenyeji wa mji wameshaliona, na mgeni aliyefika New York kwa siku tatu ana maigizo mengine mengi ya kuchagua. Ndipo jina analolijua linapofanya kazi. Hamjui Roxie, lakini anamjua anayemcheza. Zaidi ya hayo, wiki zenyewe zimehesabiwa, kwa hiyo asiyenunua tiketi sasa amemkosa.

Njia hii haikuanza na Chicago. Igizo la muziki Hello, Dolly! lilifunguliwa Januari 1964 Carol Channing akiwa ndiye Dolly, mhusika mkuu, na alipoondoka watu wengi waliamini habari imekwisha. Mtayarishaji David Merrick akamleta Ginger Rogers, kisha Martha Raye, kisha Betty Grable. Mwishoni mwa 1967 akafanya jambo kubwa zaidi: alibadilisha kundi zima, akaweka waigizaji Weusi pekee wakiongozwa na Pearl Bailey na Cab Calloway. Igizo lililokwisha kuzoeleka likawa jipya, na Bailey akapewa tuzo maalumu ya Tony. Hello, Dolly! ilifungwa Desemba 1970, baada ya maonyesho 2,844. Merrick alikuwa mfanyabiashara mkali, lakini hapo biashara ilizaa sanaa, na watu ambao Broadway ilikuwa imewafungia milango kwa muda mrefu walisimama katikati ya jukwaa lake.

Chicago yenyewe ilionja jambo hili ikiwa changa. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1975, chini ya mwongozaji Bob Fosse, Gwen Verdon aliyecheza Roxie alilazimika kufanyiwa upasuaji wa koo. Liza Minnelli, aliyekuwa ameshashinda Oscar kwa filamu ya Cabaret, aliingia badala yake kwa takribani wiki tano, na mauzo ya tiketi yakapanda. Mtu anayemtazama Roxie hii leo na kusema mastaa wameiharibu Chicago anasahau kwamba staa wa kuazima alikuwemo tangu mwaka ule.

Lakini kwa nini Chicago hasa ndiyo imelizoea jambo hili, na si maigizo mengine? Jibu liko kwenye maungo yake. Ukiingia Ambassador, unaikuta bendi imekaa jukwaani, katikati, imechukua sehemu kubwa ya nafasi. Waigizaji hukaa kwenye viti pembeni, na mchezo wenyewe hufanyika kwenye ukanda wa mbele. Hakuna nyumba zinazozunguka, hakuna ngazi zinazoshuka kutoka juu. Mavazi ni meusi na machache. Kwa hiyo kumwingiza mtu mpya hakuhitaji mashine wala fedha nyingi.

Zitazame sasa nafasi zenyewe. Mkuu wa gereza husimama, huimba, hutawala jukwaa kwa sauti, hachezi densi. Billy Flynn huingia akizungukwa na wanawake wenye mapepeo makubwa ya manyoya, na wao ndio wanaocheza. Wimbo wa Roxie unaobeba jina lake huanza na maneno marefu ya kusema tu, na wimbo ukishika kasi wanaume wanacheza nyuma yake na kumnyanyua. Velma Kelly, mhusika mkuu mwenzake Roxie, ni habari nyingine. Ana onyesho zima la kurukaruka peke yake, akijaribu kuigiza densi ya watu wawili, na ndiyo maana nafasi yake kwa kawaida hupewa mcheza densi wa kweli. Mahali pamoja tu Roxie hana pa kujificha: mwisho kabisa, anapocheza bega kwa bega na Velma, hatua kwa hatua, mkono kwa mkono. Ukitaka kumpima staa, subiri hapo.

Na hadithi yenyewe inahusu umaarufu. Mwaka 1924, mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune, Maurine Dallas Watkins, aliandika habari za wanawake walioshtakiwa kwa mauaji, akaona jinsi magazeti yalivyowageuza vipenzi vya mji, kisha akatunga tamthilia ambayo ndiyo chimbuko la Chicago. Roxie hana kipaji kikubwa, ana njaa ya kutazamwa. Mtu anayejulikana kwa kujulikana akimcheza, watazamaji hawahitaji kufafanuliwa. Huwezi kufanya hivyo kwa kila igizo. Liko moja la umri kama wa Chicago hii, The Lion King, lililofunguliwa Novemba 1997, ambalo wahusika wake kina Simba na Rafiki wana majina ya Kiswahili. Hilo halijaishi kwa mastaa. Vinyago na vikaragosi vya Julie Taymor na uimbaji uliotungwa na Lebo M wa Afrika Kusini ndivyo vinavyouza tiketi.

Sasa nifike kwa watu ninaotaka wasomaji wawajue. Mrithi wa nafasi hapati mazoezi kama ya kundi la kwanza. Hupewa wiki chache, na muda mwingi yuko kwenye chumba cha mazoezi na msimamizi wa densi, yule anayehifadhi kichwani kila hatua ya kila mtu. Ukingo wa mbele wa jukwaa una namba, zikianzia katikati kwenda kulia na kushoto, na mgeni hufundishwa: neno hili unalisema ukiwa kwenye namba nne, mzunguko huu unakuleta sifuri. Wenzake wanafanya onyesho kila usiku, kwa hiyo anaweza kukutana na kundi zima mara moja tu kabla ya siku yake. Katika mazoezi hayo yeye huvaa vazi kamili na wengine nguo zao za kawaida. Akikosea namba, kuna mcheza densi anayemsogeza kwa kiganja mgongoni, na ukumbini hakuna anayejua.

Wako pia waigizaji wa akiba. Mmoja aweza kuwa amehifadhi nafasi sita, saba, nane, asijue asubuhi ni ipi ataicheza jioni. Desemba 2021, korona ilipowaangusha waigizaji Broadway, Sutton Foster hakuweza kucheza katika igizo la The Music Man. Kathy Voytko, aliyekuwa amebeba nafasi nane, akaingia badala yake, na Hugh Jackman, staa mwenzake Foster katika igizo hilo, akasimama mwishoni mbele ya ukumbi kuwasifu watu wa akiba. Alifanya vema. Wengi waliokuwa ukumbini pengine hawakuwahi kuwafikiria.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Funny Girl. Igizo hilo lilirudi Broadway Aprili 2022 na Beanie Feldstein katika nafasi iliyompa Barbra Streisand jina lake, likapokewa vibaya, naye akaondoka mwisho wa Julai. Septemba akaja Lea Michele, ukumbi ukajaa, na waliowekeza wakarudisha fedha zao. Hayo yaliandikwa kila mahali. Agosti, kati ya hao wawili, aliyecheza ni Julie Benko, mwigizaji wa akiba, jioni baada ya jioni, na alifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba hata Michele alipofika, Alhamisi zilibaki zake. Mtayarishaji aliyefanya hivyo alielewa kwamba anayeliokoa igizo na anayelishikilia lisianguke wote wanastahili mwanga.

Tuzo za Tony hazijaelewa. Mwigizaji anayechukua nafasi ya mwingine katika igizo linaloendelea hashindanishwi, hata akimzidi aliyeianzisha. Katikati ya miaka ya 2000 ilianzishwa tuzo maalumu kwa ajili yao, ikafutwa kabla haijatolewa hata mara moja. Irudishwe. Maigizo yanayodumu miaka ishirini na zaidi yanaishi kwa kazi ya warithi, na wapiga kura wa Tony hualikwa ukumbini kila msimu. Hakuna kinachowazuia kuingia tena Ambassador kumwona Roxie mpya akifika ile densi ya mwisho.