Gongo Lililokataa Kuzikwa

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Kila niikumbukapo methali hii, huwawaza Waayalandi na mchezo wao wa kale, hurling: watu 15 kila upande, wakigombea kijipira cha ngozi kwa magongo bapa.

Baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840, chini ya utawala wa Waingereza, mchezo huo ulikaribia kufa. Tarehe 1 Novemba 1884, mwalimu Michael Cusack na wenzake walikutana hotelini mjini Thurles, wakaunda chama cha kuufufua. Uwanja ukawa ngome ya wapenda uhuru. Mwaka 1920 askari wa Waingereza walimimina risasi katika uwanja wa chama hicho, Croke Park, wakaua watu 14.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Chama kilipiga marufuku michezo ya kigeni. Mwaka 1938 kikamvua ulezi hata Rais Douglas Hyde, bingwa wa lugha ya Kiayalandi, kwa kutazama kandanda tu! Marufuku iliondolewa 1971, na hurling haikufa.

Nami nasema, msomaji wangu: mila huishi kwa kuchezwa. Mlango ukikazwa mno, huwafungia nje hata wenye nyumba.