Udongo Unaojichoma Wenyewe

Mtu aliyewahi kuchoma matofali kijijini anajua gharama ilipo. Udongo ni wa kuchimba tu, maji huchotwa mtoni, na vijana wa kufyatua hawakosekani. Kinachomaliza fedha ni kuni. Zikipungua kabla tanuri halijaiva, matofali ya pembeni hutoka mabichi na mvua ya kwanza huyarudisha kuwa tope. Kwa hiyo udongo uliobeba kuni zake ndani yake ungekuwa mali kubwa popote duniani. Udongo wa namna hiyo upo Uingereza. Umejenga nyumba zisizohesabika za London na miji mingine ya nchi hiyo, na moto uliomo umetokana na viumbe wa baharini waliokufa miaka milioni 165 hivi iliyopita.

Wajiolojia wameupa jina la mji wa Oxford, nami hapa nitauita Mfinyanzi wa Oxford. Haupo Oxford peke yake. Ukanda wake unaanzia pwani ya kusini huko Weymouth, unakatiza nchi kupitia Oxford, Bedford na Peterborough, kisha unaelekea kaskazini hadi Yorkshire. Ulijengeka kwa miaka milioni kadhaa, mwishoni mwa Jurasiki ya kati na mwanzoni mwa Jurasiki ya mwisho. Umegawanywa sehemu tatu: ya chini inaitwa Peterborough, ya kati Stewartby, ya juu Weymouth. Ya chini ndiyo ya kutazamwa zaidi, kwa sababu humo ndimo mlimo visukuku vingi, na humohumo ndimo yalimotoka matofali kwa mabilioni. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Wakati ule eneo kubwa la Ulaya lilikuwa bahari ya kina kifupi, yenye joto, iliyotapakaa visiwa. Mito ilishusha tope laini kutoka nchi kavu. Karibu na uso wa maji, penye mwanga, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho walizaliana kwa wingi, wakafa, wakazama. Kwa kawaida mabaki kama hayo huozea sakafuni, lakini ili kitu kioze vizuri inahitajika oksijeni, na ndani ya tope la sakafu ile oksijeni ilikuwa haba. Mabaki yakafunikwa kabla ya kuoza yote. Kaboni yake ikabaki ndani ya mfinyanzi, kiasi cha asilimia 5 hivi katika sehemu ya chini, na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Tope lile lile lililoihifadhi kaboni liliihifadhi pia mifupa ya wanyama wakubwa waliozama, kwa kuwa wala-mizoga na wachimba-tope walikuwa wachache wa kuitawanya.

Ndiyo maana visukuku vya Mfinyanzi wa Oxford vinavutia kiasi hiki. Amonaiti wa jamii ya Kosmoceras, ambao ni jamaa wa mbali wa ngisi na pweza waliokuwa na gamba la kujipinda, wamebanwa wakawa bapa kama karatasi, lakini gamba lao bado lina mng'ao wa lulu. Mawe mengi ya umri huo hayana tena gamba la asili, yana alama yake tu. Wapo pia chaza wanene wa Gryphaea, na belemnaiti wenye umbo la risasi. Hao ndio wa kila siku.

Halafu kuna majitu. Ophthalmosaurus alikuwa mtambaazi wa baharini mwenye umbo la pomboo, na jicho lake lilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 20. Cryptoclidus alikuwa na shingo ndefu na makasia manne badala ya miguu. Liopleurodon alikuwa na kichwa kikubwa na meno ya kutisha, naye ndiye aliyewala wenzake. Walikuwapo mamba walioacha kabisa nchi kavu, wakapoteza magamba mazito ya mgongoni na kuota mkia wenye pezi kama la samaki. Na juu ya wote alikuwapo samaki Leedsichthys, aliyechuja viumbe wadogo kwa matamvua yake jinsi papa nyangumi anavyofanya leo kwenye maji ya Mafia. Makadirio ya karibuni yanampa urefu wa mita 16 hivi. Hakuna samaki mwingine mwenye mifupa, wa kale au wa leo, anayejulikana kumzidi. Mara chache mizoga ya dinosauri ilisombwa kutoka visiwani ikazama humo. Mmoja wao, Eustreptospondylus, alipatikana mwaka 1870 katika shimo la kuchimbia udongo wa matofali huko Summertown, kando ya Oxford.

Jina la samaki huyo linatukumbusha mtu ambaye bila yeye tungejua machache sana. Alfred Nicholson Leeds alizaliwa mwaka 1847, na kazi yake ilikuwa kilimo, kwenye shamba la Eyebury karibu na Peterborough. Hakuwa profesa wala hakuajiriwa na makumbusho yoyote. Yeye na kaka yake Charles walianza kukusanya mifupa kutoka mashimo ya viwanda vya matofali, na Charles alipohamia New Zealand, Alfred aliendelea hadi kufa kwake mwaka 1917. Njia yake ilikuwa nyepesi, nami naiona ya busara kubwa: alifahamiana na wachimbaji, aliwalipa kwa ajili ya habari, na walipoona mfupa walisimamisha sururu na kumpelekea ujumbe. Yeye alikuja mwenyewe, akachimbua kwa uangalifu mnyama mzima badala ya kuchukua jino au pingili moja ya kupendeza, akarudi nyumbani kuosha na kuunganisha vipande. Mifupa ya mnyama mmoja ilikaa pamoja. Hilo ndilo lililofanya mkusanyiko wake uwe wa thamani, kwa sababu pingili mia za wanyama mia hazikuambii mnyama mmoja alikuwa na pingili ngapi shingoni.

Makumbusho ya London yalinunua sehemu kubwa ya mkusanyiko huo, na nyingine ikaenda Glasgow. Mtaalamu wa visukuku Arthur Smith Woodward alimpa samaki yule jina mwaka 1889 kwa heshima ya Leeds. Mwaka 1910 na 1913 Charles William Andrews alichapisha juzuu mbili kuhusu watambaazi wa baharini wa Mfinyanzi wa Oxford kwa kutegemea mkusanyiko huo, na watafiti wanazifungua hadi leo.

Sasa turudi kwenye matofali, maana bila hayo Leeds asingekuwa na mashimo ya kutembelea. Kwa muda mrefu watengenezaji wa eneo hilo walitumia udongo wa juu tu, wa manjano, uliolainishwa na mvua na mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, katika kijiji cha Fletton kusini mwa Peterborough, walishuka chini zaidi na kukutana na mfinyanzi mgumu wa rangi ya kijivu uliokaribia kuwa jiwe. Kwa mazoea ya siku zile ulionekana haufai, kwa kuwa haukukandika. Lakini uliposagwa ukawa unga mzito, ulionekana una unyevu wake wa asili, karibu asilimia 20, unaotosha kabisa kuubana ndani ya mashine bila kuongeza tone la maji. Tofali lilitoka likiwa imara kiasi cha kupangwa moja kwa moja ndani ya tanuri. Wiki za kuanika juani au kwenye mabanda zikaondoka, na gharama yake ikaondoka nazo.

Kisha moto ulipowashwa, udongo wenyewe ukaanza kuwaka. Joto likifika nyuzi mia kadhaa, kaboni ya wale viumbe wa Jurasiki hushika moto ndani ya kila tofali. Makaa ya mawe yalibaki ya kuanzishia na kumalizia tu, na zaidi ya nusu ya joto ikatoka kwenye udongo. Teknolojia ya kulifaidi joto hilo ilikuwa tayari ipo: tanuri la Mjerumani Friedrich Hoffmann, lililopata hataza mwaka 1858. Tanuri hilo lina vyumba vingi vilivyopangwa kwa mzunguko. Moto unahama chumba hadi chumba, hewa inayopoza matofali yaliyokwisha kuiva inakwenda kulisha moto, na moshi wa moto huo unapasha matofali mabichi yanayosubiri. Wafanyakazi hupakua upande mmoja na kupanga upande mwingine, na moto unaweza kuzunguka miaka bila kuzimwa. Udongo wenye kuni ndani yake, na tanuri lisilopoteza joto: ushindani wa viwanda vidogo vya vijijini haukuweza kusimama mbele ya hivyo viwili. Reli ya kaskazini ilipita palepale Fletton kuelekea London, basi tofali la Fletton likauzwa kwa bei ndogo katika jiji lililokuwa likipanuka kila mwaka.

Mahitaji yalipokua, viwanda vilienea kuelekea Bedfordshire, kwenye bonde la Marston, ambako mfinyanzi ni uleule. Mwaka 1926 ilianza kujengwa Stewartby, kijiji cha wafanyakazi kilichopewa jina la familia ya Stewart iliyoongoza kampuni. Mwaka 1936 kiwanda cha hapo kilikuwa kikitoa matofali milioni 500 kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 2,000, na kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilihitaji nyumba upesi na wafanyakazi walikuwa pungufu. Kampuni zikaenda kuwatafuta Italia kusini, na maelfu ya wanaume walikuja Bedford katika miaka ya 1950. Wengi walibaki wakaleta familia, na wajukuu wao wako Bedford hadi leo. Walifuatiwa na watu kutoka India, Pakistan na visiwa vya Karibi. Kazi ilikuwa ya joto, vumbi na uzito, na nyumba za Uingereza za miaka hiyo zina deni kwa migongo yao.

Faida hii haikuja bila madhara, na wanaousifu Mfinyanzi wa Oxford wanapaswa kuyataja. Kaboni haikuhifadhiwa peke yake. Tope lisilo na oksijeni hutunza pia salfa, katika umbo la madini ya pairaiti, na salfa hiyo ikichomwa hutoka kwenye bomba la moshi kama gesi kali ya dioksidi ya salfa. Ilitoka pia floridi, ambayo ilitua kwenye majani ya malisho na kuharibu meno na mifupa ya ng'ombe. Wakazi wa bonde la Marston waliishi na harufu hiyo kwa miongo mingi. Masharti ya hewa safi yalipokazwa, Stewartby haikuweza kuyatimiza, ikafungwa mwaka 2008, na mabomba yake manne ya mwisho yakaangushwa mwaka 2021. Utengenezaji uliobaki ulikuwa Whittlesey, jirani na Peterborough, eneo lilelile ulikoanzia.

Mashimo yenyewe yameendelea kuzaa matumizi. Mengine yamekuwa maziwa. Mengine yalijazwa majivu ya mitambo ya umeme wa makaa, au taka za London, kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji kirahisi na hivyo unafaa kuzuia uchafu usivuje. Mtaa mpya wa Hampton umejengwa kwenye machimbo ya zamani ya Peterborough. Na katika machimbo ya Must Farm, karibu na Whittlesey, uchimbaji wa udongo ulifichua mabaki ya makazi ya watu ya karibu miaka 2,850 iliyopita, yaliyoungua na kuzama mtoni yakiwa na vyombo na nguo.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika historia hii. Wachimbaji wa siku za Leeds walitumia sururu na koleo, na macho yao yalikuwa hatua moja kutoka ukutani. Mashine kubwa zilipoingia, mtu alikaa juu kwenye kiti na ndoo ikazoa tani kwa mkupuo, basi mifupa mingi ikaenda kwenye kinu bila mtu kujua. Hata hivyo mwaka 2001, katika shimo moja la Whittlesey, wanafunzi waliona mifupa ikichungulia, na ikawa Leedsichthys aliyekamilika kuliko wengi waliotangulia. Walioona walikuwa watu waliokuwa wakitazama.

Miamba ya bahari ya Jurasiki ipo pia kwetu. Matabaka ya tope gumu nyuma ya kisiwa cha Mombasa, pande za Changamwe, yana amonaiti ambao mjiolojia Mjerumani Beyrich aliandika habari zao tangu miaka ya 1870. Mapango ya Amboni, Tanga, yamechongwa ndani ya chokaa ya kipindi hicho. Tendaguru, Lindi, ilijulikana kwa wanasayansi mwaka 1906 kupitia mhandisi wa madini, na mifupa ya dinosauri iliyochimbwa huko kati ya 1909 na 1913 ingali Berlin. Kila siku pwani yetu inachimbwa kwa ajili ya saruji, kokoto na barabara, na anayeona ukuta wa shimo kwanza ni dereva wa mashine na kibarua, wala si profesa.

Kwa hiyo ninawaomba wenye machimbo na makandarasi wafundishe watu wao jambo dogo. Ukiona gamba la kujipinda, jino au mfupa ndani ya jiwe, usiung'oe. Simamisha mashine upande huo, piga picha ukiweka koleo au rula kando ili ukubwa ujulikane, andika mahali na kina ulipo, kisha toa taarifa Makumbusho ya Taifa au kwa idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu.