Mtoto anataka urubani? Anzeni kwa daktari, ada ifuate

Matokeo ya kidato cha sita yametoka na kijana anatangaza sebuleni kuwa anataka kurusha ndege. Baba anawaza kuuza kiwanja, mama anapiga hesabu za kikoba. Kabla ya kufika huko, kuna mambo ya kukamilisha. Yakirukwa, familia inaweza kupoteza kiwanja na ndoto kwa pamoja.

Afya kwanza

Anayetaka kurusha ndege za abiria lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, baada ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa Tanzania, mamlaka hiyo ni TCAA. Daktari hupima macho, masikio, moyo, damu na mkojo, na huuliza historia ya magonjwa, kikiwamo kifafa. Miwani si kikwazo, ilimradi akiivaa anaona kwa kiwango kinachotakiwa.

Kipimo kinachoweza kuwashangaza wazazi ni cha rangi. Mtu anaweza kufikisha miaka 18 bila kujua kuwa nyekundu na kijani zinamchanganya. Angani hilo ni jambo zito. Redio ikikatika, mnara wa kuongozea ndege humwashia rubani taa: kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni kupisha ndege nyingine na kuendelea kuzunguka.

Kijana akikwama hapa kabla ya kulipa ada, zimekwenda fedha za vipimo tu. Wazazi wasimshauri kuficha ugonjwa. Kwa kijana, vipimo hurudiwa kila baada ya miezi 12, na kilichofichwa leo kinaweza kujitokeza ada ikiwa imeshalipwa yote.

Asome kabla ya darasa

Mwanafunzi huanza na masomo ya darasani: hali ya hewa, sheria za anga, injini, mawasiliano ya redio na namna ya kupanga safari. Mengi yanajengwa juu ya hesabu na fizikia ya sekondari, hivyo madaftari ya zamani yasitupwe.

Mfano ni hesabu ya kushuka. Kwa kawaida, rubani hutenga maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Akiwa futi 30,000, anaanza kushuka zikiwa zimebaki maili 90, yaani kilomita 167 hivi. Anayekwenda Dar es Salaam akitokea magharibi huanza akiwa ameipita Morogoro kidogo tu. Hesabu hiyo hufanywa kichwani, mikono ikiwa kazini.

Kiingereza nacho hupimwa: kwa safari za kimataifa, rubani anahitaji angalau kiwango cha 4 kati ya 6. Nyumbani, kijana azoee kutaja herufi kirubani, Alfa, Bravo, Charlie, huku mdogo wake akimsomea namba za magari yanayopita.

Ulizeni kabla ya kulipa

Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya urubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayefuata kozi iliyoidhinishwa. Mzazi aulize: ada inajumuisha mafuta, mitihani na tozo za viwanja? Mwanafunzi akihitaji saa za ziada, kila moja ni kiasi gani?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Somo lisiloeleweka mezani nyumbani hurudiwa bure. Likirudiwa angani, mzazi hulilipia kwa saa.