Uvira: Sanduku lisilo na kipimo laweza kuvunja gita njiani

Gita iliyowekwa ndani ya sanduku gumu haiko salama kama sanduku lenyewe si la kipimo chake. Kwa kwaya yenye gita moja tu, shingo ikivunjika safarini, ibada ya Jumapili hupigiwa ngoma peke yake.

Safari za kutoka Uvira haziihurumii mbao. Kwenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola, gari hupanda milima ya Ngomo. Kuelekea kusini, kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, mizigo mingi hufungwa nyuma ya pikipiki. Wengine hupanda boti Kalundu, ambako sanduku hurundikwa chini ya magunia.

Hatari kubwa iko shingoni. Nyuzi sita za chuma, zote pamoja, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Kwenye gita nyingi kichwa chenye funguo kimelala nyuma kidogo, na mbao ya pale ni nyembamba. Sanduku likianguka kwa mgongo huku shingo ikining'inia bila tegemeo, mbao hupasuka pale kichwa kinapoanzia.

Kupima ni rahisi. Weka gita ndani, funga, inua sanduku na ulitikise polepole. Ukisikia kitu kinagonga, kuna nafasi ya kujazwa.

Dawa yake ni sponji ya godoro, ile iliyo ngumu kidogo, na kisu kikali. Kazi ianze chini ya shingo, karibu na kichwa: katwa kitanda kidogo chenye umbo la shingo ili ilale humo. Kichwa chenyewe kisiguse chini wala mwisho wa sanduku. Nafasi ya upana wa kidole inatosha. Kisha zijazwe pande za tumbo la gita, kiunoni na kwenye kitako, ili isiteleze.

Vipande vijaribiwe kwanza bila gundi. Vikikaa sawa, vifunikwe kwa kitambaa cha pamba, hata mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Nailoni na plastiki si nzuri, kwani kwenye joto zinaweza kushikana na vanishi. Baada ya kupaka gundi ya fundi viatu, sanduku liachwe wazi bila gita hadi harufu iishe kabisa.

Sanduku likiwa dogo, kifuniko kisisukumwe kwa nguvu. Kitabana daraja la nyuzi na kupasua uso wa gita. Seremala anaweza kupunguza sponji ya ndani. Kama bado haitoshi, afadhali kutafuta sanduku jingine.

Hata sanduku lililotengenezwa vizuri lina mipaka yake. Likiachwa juani ndani ya gari, joto hulegeza gundi ya gita. Likiwekwa sakafuni, maji hulifikia mapema: mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, yaliingia katika nyumba nyingi za Uvira. Mahali pake ni juu ya meza au kabati.

Kabla ya kuondoka, nyuzi zilegezwe kidogo. Shingo isiyovutwa sana hustahimili mshtuko zaidi, na kukaza tena ukifika ni kazi ya dakika chache.