Je, Wajua? Vitu vya Bandia Katika Vichekesho vya Televisheni

Vitu vingi vinavyoonekana katika tamthilia za vichekesho za Marekani hutengenezwa kwa ajili ya kamera tu. Katika *Cheers* (1982–1993), bia iliyonywewa baani ilikuwa na kileo cha asilimia 3.2 tu, na ilitiwa chumvi ili povu lisitoweke upesi. Mwigizaji George Wendt, aliyeigiza kama Norm, aliinywa hivyo hivyo. Nayo "dawa" aliyoitangaza Lucille Ball katika *I Love Lucy* mwaka 1952 ilikuwa pektini ya tufaha.

Magazeti nayo ni ya bandia. Kampuni ya Earl Hays Press ya California huyachapa ili watayarishaji wasihitaji kibali cha magazeti halisi. Ndiyo maana ukurasa uleule, wenye picha ya msichana mwenye nywele nyeusi, umeonekana katika *Married... with Children* na pia *Modern Family*. Kwa namba za simu, 555-0100 hadi 555-0199 zimetengwa kwa hadithi za kubuni, asije mtazamaji akampigia mtu wa kweli.

Mambo mengine hujificha nyuma ya waigizaji. Katika *Friends* (1994–2004), kibao kidogo kwenye meza ya mkahawa kilionyesha kwamba nafasi ile imewekwa: sababu kochi halikukaliwa na wateja wengine. Katika *The Big Bang Theory*, milinganyo ya ubaoni ilikuwa sahihi, kwani mwanafizikia David Saltzberg wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa mshauri wa tamthilia hiyo.