Kuku mbichi na tumbo la mwanao

Kuku mwenye afya anaweza kubeba bakteria aitwaye kampilobakta kwenye utumbo wake bila kuugua. Humwoni kwa macho, wala nyama hainuki. Akimwingia mtoto, huleta homa, maumivu ya tumbo na kuhara, wakati mwingine kwa damu. Dalili huanza siku 2 hadi 5 baadaye, hivyo mama hamkumbuki tena kuku yule.

Aligunduliwaje?

Bakteria huyu hapendi oksijeni nyingi, na maabara bakteria wengine humfunika. Mwaka 1977, mtaalamu wa vijidudu Martin Skirrow wa Worcester, Uingereza, alitumia dawa za kuzuia hao wengine. Alipima choo cha wagonjwa 803 wa kuhara, akamkuta kwa 57. Kwa watu 194 wasiohara, hakumkuta hata kwa mmoja. Kuku walikuwa miongoni mwa vyanzo alivyovishuku.

Hatari iko wapi jikoni?

Moto humuua. Shida ni kabla ya kupika: unapomwosha kuku, matone huruka kwenye vyombo, nguo na nyanya za kachumbari, ambazo hazitapikwa. Bakteria mia chache tu wanatosha kumwuguza mtu. Ndiyo maana mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Uingereza iliwaomba watu waache kuosha kuku mbichi.

Ufanye nini?

- Kuku aliyenunuliwa akiwa amesafishwa, mtie sufuriani moja kwa moja.
- Ukichinja nyumbani, msafishie nje kwenye beseni, mbali na chakula na vyombo. Kisha osha beseni, kisu na mikono kwa sabuni.
- Katakata kachumbari kwanza, uifunike, ndipo umshike kuku.
- Pika mpaka nyama ya karibu na mfupa isiwe na wekundu.
- Mnawishe mtoto kwa sabuni akitoka kucheza na vifaranga.

Mtoto akiharisha

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki. Usimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani. Mpeleke kituoni haraka ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi, amelegea au anakataa kunyonya. Mtoto mchanga usimsubirishe hata kidogo.