Kidirisha Kinachouliza: Jinsi Programu ya Simu Inavyopokea Maandishi ya Mtumiaji

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anabonyeza palipoandikwa "Ongeza Mchango". Mara kioo cha simu kinafifia, na juu yake panajitokeza kidirisha kidogo chenye visanduku viwili vya kuandikia: kimoja cha namba ya simu ya mwanachama, kingine cha kiasi cha fedha. Anaandika, anabonyeza "Hifadhi", na kidirisha kinatoweka. Je, yale aliyoyaandika yamekwenda wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini wanafunzi wengi wanaoanza kutunga programu za simu hukwama hapo hapo. Na likijibiwa vibaya, mchango wa mtu huingia katika hesabu bila jina la mwenyewe, au hauingii kabisa.

Tutaeleza jambo hili kwa kutumia mfumo wa Android, ambao simu zake zilianza kuuzwa mwaka 2008 na ambao ndio unaoendesha simu nyingi za kisasa katika Afrika Mashariki. Mfumo huo humpa mtunzi wa programu kidirisha kilicho tayari, chenye kichwa, ujumbe na vitufe visivyozidi vitatu. Kisanduku cha kuandikia hakimo. Anayekihitaji kwa kawaida huchora fomu yake mwenyewe katika faili la pembeni. Chombo kiitwacho LayoutInflater hulisoma faili hilo na kuumba visanduku vyenyewe katika kumbukumbu ya simu, kisha fomu hiyo hupachikwa ndani ya kidirisha.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Vitu vyote vinavyoonekana katika ukurasa wa programu vimepangwa kama mti: shina, matawi, na majani. Kidirisha nacho kina mti wake, ulio mbali na ule wa ukurasa, ijapokuwa machoni petu kimelala juu ya ukurasa huo huo. Amri ya kutafuta kitu kwa jina lake, findViewById, hupekua mti ule tu ulioagizwa kuupekua. Mwanafunzi akiuagiza ukurasa utafute kisanduku kilichomo katika kidirisha, atarudishiwa utupu. Na mara anapojaribu kuuomba utupu huo maandishi, programu huanguka. Nimeona wanafunzi wakibadilisha jina la kisanduku mara kumi, na jina halikuwa na kosa lolote. Dawa ni kuiuliza fomu yenyewe ya kidirisha.

Hata hivyo, kuanguka ni afadhali. Iwapo ukurasa nao una kisanduku chenye jina hilo hilo, programu haitaanguka. Itasoma kwa utulivu kabisa maandishi ya kisanduku kingine, na kuyahifadhi.

Kosa la pili ni la wakati, nalo lina mizizi katika namna tunavyofundisha. Katika mazoezi ya kwanza ya kompyuta, mwanafunzi huzoea amri inayouliza swali na kusimama hadi mtu ajibu. Katika simu mambo sivyo yalivyo. Amri ya kuonyesha kidirisha haimsubiri mtu. Programu huendelea na mstari unaofuata papo hapo. Basi aliyeandika "onyesha kidirisha" na chini yake "soma kisanduku" atasoma kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa bado. Kwa nini mfumo usisubiri? Kwa sababu kazi ya kuchora kioo na kazi ya kupokea miguso ya vidole hufanywa na mtendaji mmoja. Akisimama kungoja, hataweza kukichora kisanduku wala kuipokea herufi anayoingoja. Mguso ukikaa sekunde 5 hivi bila kushughulikiwa, mfumo hutangaza kwamba programu haiitikii.

Kwa hiyo programu huacha maagizo, kama mtu anayemwachia bawabu neno: mgeni akifika, pokea barua yake. Maagizo hayo hufungwa kwenye kitufe cha "Hifadhi", na kusoma kisanduku kuwe ndani ya maagizo hayo, si nje yake.

Maandishi yakishapatikana, yafaa yatazamwe kwa makini. Amri ya getText hurudisha kitu kinachoweza kubadilika, hivyo tunachukua nakala yake kama maandishi ya kawaida na kuondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho. Namba ya simu ibaki maandishi, kwani hakuna atakayeijumlisha na nyingine. Ikigeuzwa kuwa namba kamili, sifuri ya mbele hupotea, na tarakimu 10 huwa 9. Ikiandikwa kwa kuanzia na 255, huwa na tarakimu 12, ilhali namba kamili ya kawaida katika lugha ya Java haivuki 2,147,483,647. Kiasi cha fedha ni kweli kigeuzwe, lakini mtu anaweza kuandika 20,000 pamoja na mkato wake, au asiandike kitu. Hali zote mbili huiangusha programu isiyojihadhari.

Lakini tukigundua kosa, tumwambieje mweka hazina? Kwa kawaida kidirisha hujifunga mara kitufe kinapobonyezwa, maandishi yawe sahihi yasiwe sahihi, naye hulazimika kuanza upya. Ili kuzuia hilo, kionyeshe kidirisha kwanza, kisha ukichukue kitufe kwa amri ya getButton (kabla ya hapo hakijaumbwa) na kukifungia maagizo yako mwenyewe, yatakayokifunga kidirisha pale tu maandishi yanapokubalika.

Limebaki suala la kugeuza simu. Ikilazwa, ukurasa kwa kawaida hubomolewa na kujengwa upya, na kidirisha kilichoonyeshwa kwa njia nyepesi hutoweka pamoja na vilivyoandikwa. Kinachowekwa ndani ya DialogFragment hurudishwa. Mwalimu anaweza kulijaribu darasani kwa dakika chache: andika nusu ya namba, laza simu, halafu utazame kama nusu hiyo ingalipo.